Nguruwe wa Madame Athina

3 Septemba 1956, siku ya kwanza

Nimenunua daftari hili ili niandike mvua na mienendo ya watu, maana vyote viwili hubadilika bila kuaga. Philomène, mke wangu, amesema mtu anayeandika majirani zake ni mpelelezi. Nimemjibu kwamba mpelelezi hulipwa. Ana mimba ya miezi sita, na mimba hiyo imemwongezea ulimi.

Shule imefunguliwa leo. Wanafunzi sitini na mmoja, madawati ishirini. Jioni, siku ya pili na siku ya ine, yaani ya nne, nitafundisha tena Kifaransa kwa watu wazima katika ukumbi wa parokia hapa Mangobo.

Jana Lambert alikuja kuaga. Ni mdogo wake Philomène, mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yao, Mama Félicité. Amepata kazi katika shamba la mjane mmoja Mgriki, kilomita sitini kwenye barabara ya Bafwasende. Huko wanafuga nguruwe na kutengeneza soseji za kuuzwa kwa Wazungu wa mjini. Atarudi Noeli, aoe. Nilimwuliza jina la huyo mjane. Akasema Madame Athina. Hapo nikaacha kula.

Mimi nilisoma seminari ndogo miaka sita kabla Mapadri hawajaamua kwamba sina wito. Sala za Kilatini nimesahau nyingi, lakini miungu ya Waroma na Wagriki sikuisahau, kwa sababu ilikuwa na vituko kuliko watakatifu. Athina ndiye yule Waroma walimwita Minerve, aliyetoka kichwani mwa baba yake akiwa tayari ameshika mkuki. Mkristo gani humbatiza mtoto kwa jina la sanamu? Mbele ya Lambert sikusema kitu. Naandika tu.

8 Septemba, siku ya posho

Nimekwenda mjini kumtazama. Kila siku ya posho, ile inayotangulia siku ya Mungu, huleta soseji katika duka la kaka yake karibu na mto. Ni mwanamke mfupi, mwenye gauni jeusi na funguo nyingi kiunoni, na mikono yake ni ya mtu anayefanya kazi. Nilimsalimu kwa Kifaransa, nikamwuliza kwa adabu jina lake limetoka wapi.

Alicheka. Alisema kwao ni jina tu. Kaka yake ni Ermis, binamu yake ni Artemis, na hakuna aliyewahi kupata faida. Kisha akaniuliza jina la mke wangu.

“Philomène,” nikasema.

“Voilà. Ile nayo iko Kigreki.”

Jambo hili halikunipendeza. Na huyo Ermis, mwenye duka, ana jina la yule Waroma walimwita Mercure, mungu wa wafanyabiashara na wa wezi kwa pamoja. Juu ya kichwa chake imetundikwa kalenda yenye picha ya kijana mwenye kofia ya mabawa. Ni Mercure mwenyewe, anatazama mizani. Kengele ya kanisa ilipolia Madame Athina alifanya ishara ya msalaba, akaanzia bega la kulia kwenda kushoto. Sisi tunaanzia kushoto. Niliondoka bila kununua chochote.

12 Septemba, siku ya tatu

Mvua. Mbuzi wa jirani amekula karatasi za mtihani wa hesabu. Jirani anasema hakumwona. Alimwona.

16 Septemba, siku ya Mungu

Padri amehubiri kwamba miungu ya uongo ilikufa zamani. Nilikaa nikiwaza. Sisi kwa Kiswahili chetu siku tunazihesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi posho, halafu siku ya Mungu. Wazungu waliotuletea Mungu huyo, siku ya pili wanaiita ya Mars, ya tatu ya Mercure, ya ine ya Jupiter, na siku ya tano, siku aliyokufa Bwana wetu, wamempa Vénus. Kama miungu hiyo imekufa, mbona bado ina siku nne kwa juma?

Nadhani haikufa. Ilifukuzwa Roma, na mtu aliyefukuzwa hutafuta kazi mahali pengine. Nimemwambia Philomène. Amesema kama Minerve amefika Kongo kufuga nguruwe, basi maisha ni magumu kwa wote.

20 Septemba, siku ya ine

Kozi ya jioni. Wanafunzi kumi na wanne. Aliye mbele ya wote ni Yakubu, dereva wa lori la mizigo la Bafwasende, mtu wa ukoo wa zamani wa Waislamu wa hapa Kisangani, mwenye kofia safi na maswali mengi. Hupita mbele ya shamba la Madame Athina kila juma. Lambert aliahidi kutuma habari kupitia kwake.

Baada ya somo walianza hadithi za mundele-mwinda, yule Mzungu wa taa ambaye eti humulika mtu njiani, mtu anageuka nguruwe, kisha anatiwa ndani ya mikebe na kuuzwa. Niliwakemea. Niliwaambia mtu aliyesoma haamini mambo ya namna hiyo. Yakubu alisema kwa upole kwamba yeye hali nguruwe, hivyo hana hasara ikiwa ni kweli.

27 Septemba, siku ya ine

Leo nimefundisha vizuri kuliko siku zote.

Sikuwa na matini ya kusoma, ndipo nikachukua kitabu changu cha miungu, kile kisicho na jalada, nikawafasiria hadithi ya Circé. Circé ni mungu wa kike, binti wa Jua. Mabaharia waliochoka walifika kisiwani kwake wakakuta nyumba nzuri, naye akawakaribisha kwa tabasamu. Akawachanganyia kinywaji: divai, jibini, unga wa shayiri na asali, na ndani yake dawa. Walipokwisha kunywa akawagusa kwa fimbo, wakaota manyoya magumu na pua za nguruwe, akawafungia zizini. Akili zao zilibaki za watu. Walilia machozi.

Hapo mvua ikapiga mabati, hata sikuweza kuisikia sauti yangu mwenyewe. Nikafunga kitabu, nikapaza sauti kwamba tutamaliza siku ya pili. Hakuna aliyeondoka. Watu wazima kumi na wanne walikaa wakinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu nianze kufundisha, na nakiri kwamba nilifurahi.

Yakubu alisogea karibu na meza.

“Mwalimu, ile iko mu kitabu ya bazungu benyewe?”

“Ndiyo. Imeandikwa karibu miaka elfu tatu iliyopita.”

“Na ule mwanamuke, kabila yake?”

Nikamwambia Mgriki. Yakubu alivaa kofia yake akatoka kwenye mvua.

2 Oktoba, siku ya pili

Homa. Kozi haikufanyika.

4 Oktoba, siku ya ine

Homa bado. Philomène amenipa kwinini na maneno makali, vyote vichungu.

6 Oktoba, siku ya posho

Hadithi yangu imenirudia nyumbani, na imenenepa. Sokoni mama mmoja muuza mpiru alimwambia Philomène kwamba katika barabara ya Bafwasende kuna nguruwe wanaopiga magoti kengele ikilia. Mwingine alisema mmoja wao ana pete. Wote walisema ni kweli kwa sababu mwalimu wa Mangobo ameisoma kitabuni. Kwenye duka la Ermis hakuna anayenunua tena hata chumvi.

Philomène aliniuliza kama nilisema hivyo. Nikasema nilisoma hadithi tu, ya kale, ya mambo yasiyokuwepo. Akaniuliza mbona basi siendi kuwaambia. Nikasema nitakwenda nikipata nafuu.

Nafuu nimekwisha kupata. Siendi kwa sababu leo ni juma la tano na Lambert hajatuma neno lolote. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

11 Oktoba, siku ya ine

Watu arobaini walikuja kwenye kozi; nusu yao hawajui hata herufi. Walitaka Circé. Niliwafundisha kitenzi. Wengi waliondoka.

Yakubu alibaki. Alisema daraja la magogo kwenye kilomita arobaini na nane limechukuliwa na maji. Lori linasimama upande huu, mizigo inavushwa mabegani. Amemwona Lambert upande wa pili. Amekonda na hazungumzi. Wafanyakazi watatu wamekimbia, na waliobaki hawataki kula chakula cha shambani wala kunywa dawa ya asubuhi ambayo Madame huwapa katika kikombe. Wanakula mihogo ya porini na kunywa maji ya mtoni.

Nilimwuliza kama ni yeye aliyewasimulia.

“Mwalimu, nilibaambia ile yote ulisema. Nisingebaambia, ingekuwa zambi.”

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Katika hadithi yangu hakuongeza neno hata moja.

14 Oktoba, siku ya Mungu

Nimekisoma tena kitabu ili nitulie. Sikutulia. Dawa ya asubuhi ni kwinini, bila shaka ni kwinini. Kila shamba hutoa kwinini. Lakini kwa nini aitoe kwa mkono wake mwenyewe? Kwa nini mjane akae porini na nguruwe mia mbili wakati kaka yake ana duka mjini? Na Circé naye alikaa peke yake.

Najua ni upuuzi. Naandika ili niuone upuuzi huo kwa wino. Kwa wino hauonekani upuuzi sana.

Mama Félicité amekuja baada ya misa. Hakukaa. Aliniuliza mara moja tu, akiniita bokilo, jina tunaloitana wakwe na mashemeji: “Bokilo, mutoto yangu iko mutu bado?” Nilimjibu ndiyo. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wasemao daftari limeliwa na mbuzi.

17 Oktoba, siku ya tatu

Mvua mchana kutwa. Ukuta wa jiko umeanguka.

20 Oktoba, siku ya posho

Madame Athina amekuja shuleni. Watoto walipomwona walikimbilia nyuma ya darasa, na mmoja akapita dirishani.

Alisimama mlangoni, tope hadi magotini, akakataa kiti. Alisema kwa Kiswahili chake cha dukani kwamba Lambert anahara damu siku ya sita. Infirmier, muuguzi wa zahanati ya jirani, alifika akamwachia vidonge, Lambert akavitema. Hataki kuvushwa mto apelekwe hospitali kwa gari lililoachwa upande huu, kwa sababu gari ni la Madame. Wagonjwa sasa ni watatu, wote kwa sababu ya maji ya mtoni, na wote wanakataa dawa.

“Banasema ni weye ulisema,” aliniambia. “Mi sikuje kugombana. Kuja ubaambie ingine.”

Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Nilimhurumia. Nilimshuku pia, nitaficha nini? Niliwaza: amekwisha kumchukua mmoja wa nyumba hii, sasa amekuja kumchukua wa pili, na kwa adabu. Nikasema nitafikiri hadi kesho.

Philomène aliposikia alianza kujifunga kitambaa aende yeye, na tumbo lake la miezi minane, avuke mto kwenye bega la mtu. Nilimzuia. Akasema basi mmoja wetu atakwenda, nichague. Kesho naondoka na lori la Yakubu.

22 Oktoba, siku ya kwanza

Naandika shambani, juu ya pipa, mchana. Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa.

Mimi na Yakubu tulifika jana saa nane. Daraja halipo, nilivuka maji kiunoni nikishika kamba. Shamba ni safi. Nguruwe ni nguruwe. Niliwatazama, sitasema sikuwatazama. Mmoja mwekundu alikuja hadi kwenye mti wa zizi, akaniinulia macho, nami nikaondoka upesi.

Lambert amelazwa kwenye chumba cha mwisho cha kambi ya wafanyakazi. Sikumtambua. Alikuwa kijana wa kubeba magunia mawili, sasa shingo yake inaonyesha mishipa yote. Wengine wawili wamelala kando ya ukuta. Mmoja anaitwa Kasongo, wa pili hakutaka kuniambia jina. Harufu ilikuwa mbaya, ingawa sakafu ilikuwa imeoshwa. Madame Athina huiosha mwenyewe, maana hakuna mwingine anayekubali.

Nilimshika Lambert mkono. Nilimwambia dada yake anamsalimu. Nilimwambia kwamba ile ni hadithi ya kale, ya watu waliokuwa hawajamjua Mungu, kwamba Circé hakuwahi kuishi, kwamba hata kitabuni hadithi haiishii zizini: Mercure alimpa nahodha mzizi wa kumkinga, na mwishoni Circé aliwarudisha wote wakawa watu, vijana na wazuri kuliko mwanzo. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema:

“Ile mwisho, kwa nini hakuna mutu aliisikia?”

Nikasema mvua. Nikasema homa. Niliyasema na yakaonekana madogo.

Madame alileta kikombe cha enameli. Alisaga vidonge viwili mbele yetu, akamimina maji yaliyochemka na kupoa, akakoroga. Halafu akafungua chupa ndogo akatia kijiko kimoja cha kitu kizito cha rangi ya dhahabu, ili uchungu upungue. Ilikuwa asali.

Lambert alikiona kijiko. Alinitazama mimi, si Madame.

“Kunywa kwanza weye, bokilo.”

Ilikuwa haki yake kuomba hivyo. Nilichukua kikombe. Nilikifikisha mdomoni. Harufu ya asali ilipanda puani, nikayaona maneno ya kitabu, mstari kwa mstari, divai, jibini, shayiri, asali, na nyuma ya maneno nikamwona yule nguruwe mwekundu. Mkono wangu ulisimama. Si kwa muda mrefu. Ni muda wa mtu kusema nusu ya Baba Yetu. Mwalimu Dominique, miaka sita ya seminari, cheti ukutani, nilisimama na kikombe mdomoni nikimwogopa mungu ambaye dakika tano kabla nilisema hayupo.

Kisha nikanywa. Nilikunywa chote na kukigeuza ili aone hakuna kitu.

“Nimeona,” akasema Lambert, akageukia ukuta.

Madame alichanganya kingine. Lambert alikaza meno. Tulijaribu mchana wote, kwa kijiko, kwa maombi, mimi nikipiga magoti. Nililia mbele yake na haikufaa kitu. Leo ameomba maji ya mtoni. Sasa Madame anatengeneza tipoye kwa miti na blanketi ili tumbebe hadi mtoni kwa nguvu, apende asipende, na lori la Yakubu liko upande wa pili.

23 Oktoba, siku ya pili

Tulimbeba wanne: mimi, Yakubu, mlinzi wa shamba na Madame Athina mwenyewe, gauni jeusi limefungwa magotini. Tulianza asubuhi. Njiani aliniita mara moja, akauliza kama dada yake amejifungua. Nikasema bado mwezi. Akasema vizuri.

Alifariki kabla hatujafika mtoni. Nilimfumba macho. Madame alimwosha uso kwa leso yake, akafanya ishara ya msalaba, kulia kwenda kushoto, nami nilifanya yangu kushoto kwenda kulia. Yakubu alisema maneno yake kwa Kiarabu. Mvua ilikuwa inanyesha juu yetu wote.

26 Oktoba, siku ya tano

Sanduku lilifika jana likiwa limepigiwa misumari. Uwanja wa Mama Félicité ulijaa watu, lakini hapakuwa na kilio. Nilishangaa. Kisha nikaelewa: walikuwa wanasubiri kujua wamlilie nani.

Mama Félicité alikuja akaweka kiganja juu ya mbao.

“Fungua. Nione kama ni mutu.”

Nilimwambia kwamba nilikuwa naye, kwamba nilimfumba macho kwa vidole hivi.

“Weye ndiye ulisema mutu anaweza geuka,” akanijibu, bila hasira.

Watu walinitazama. Hakuna aliyenitetea. Mke wangu aliangalia chini. Yakubu alitafuta nyundo akang'oa misumari mmoja mmoja, naye aliona haya kuliko wote. Lambert alikuwa ndani, mwembamba, amevaa shati jeupe ambalo Madame alitoa katika nguo za marehemu mume wake. Mama yake alimfunua mkono wa kuume akahesabu vidole, akahesabu vya kushoto, akamfunua miguu akahesabu. Alipofika ishirini alipiga ukelele, na uwanja mzima ukamfuata.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Maua makaburini. Philomène anazungumza nami kuhusu chumvi na kuni tu.

6 Novemba, siku ya pili

Kozi haikufanyika. Sikwenda.

Kitabu cha miungu nimekifunga ndani ya gunia. Nilitaka kukichoma, kisha nikaona ni unafiki. Kitabu kilikuwa na mwisho wake. Aliyesimama katikati ni mimi. Na Yakubu aliyabeba maneno yangu jinsi nilivyompa. Kwa miezi miwili nimemshuku mwanamke kwa jina, kwa funguo, kwa msalaba wake, kwa upweke wake. Nimewashuku jirani, mbuzi, mama wauza mpiru. Mtu mmoja tu sikumtia katika daftari hili, naye ndiye alikuwa ananishikia kalamu.

13 Novemba, siku ya pili

Yakubu ametuletea habari. Daraja limejengwa. Kasongo amekufa. Yule wa pili ambaye hakutaka kutaja jina bado yuko hai, na wanne wapya wameanza kuhara. Madame anawabembeleza, hawakubali. Wanasema: hata mwalimu mwenyewe alikuja akaogopa. Lambert aliwaambia kabla ya kufa.

Philomène alikuwa anapepeta mchele. Aliacha.

14 Novemba, siku ya tatu

Jana hakuniuliza. Ameniuliza leo asubuhi, amekaa kizingitini, mkono juu ya tumbo.

“Ile dawa, ulikunywa?”

“Nilikunywa yote.”

“Lambert alikuona?”

“Aliniona.”

Hakuondoka. Alinitazama, na mtazamo huo naujua, ni wangu, ameukuta nyumbani. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Maneno yangu yote mawili yalikuwa kweli.

Nikamwambia. Nilisema nilisita. Akauliza kwa nini. Nikasema asali. Akauliza kama mimi, mwalimu, niliamini. Nikasema ndiyo, kwa muda ule niliamini, na Lambert alikuwa ananitazama usoni.

Alilia sana, bila kujifunika, na hakuniruhusu nimguse. Alisema angekunywa. Alisema, kama ungekunywa mbio, angekunywa, alikuwa anakuamini kuliko Padri. Nilimwambia najua. Tulikaa hivyo hadi jua likapanda juu ya bati.

Baadaye akajipangusa.

“Kesho iko kozi.”

Nikasema siwezi. Nikamwuliza nitawaambia nini sasa: kwamba Circé aliwarudisha watu wakawa watu? Nimekwisha kumwambia Lambert hayo na hayakumsaidia.

“Ile bakia nayo,” akasema Philomène. “Utabaambia kikombe. Utabaambia namna uliogopa, na namna ulikunywa, na uko hapa, na Lambert haiko. Na mama atakuwa pale. Nitamuleta miye.”

15 Novemba, siku ya ine

Yakubu ameegesha lori mbele ya parokia. Anasema ataondoka kwenda shambani mara baada ya kozi, na safari hii anataka kubeba maneno yote hadi mwisho wake.

Kutoka hapa dirishani naona ukumbi umejaa hadi nje. Mama Félicité amekaa kwenye benchi la mbele. Philomène yuko kando yake, wala haangalii huku. Ni saa kumi na moja kasoro dakika tano, na hakuna mvua.